Maswali ya Wasomaji: Pumba na Magunzi Kuendesha Mashine

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu kina mashine ya kukoboa mpunga inayotumia dizeli. Pumba zimerundikana nyuma ya banda, na majirani wana magunzi ya mahindi yasiyo na kazi. Je, tunaweza kuyageuza yote kuwa gesi ya kuendeshea injini kwa tanuri moja, na ni lazima kwanza tuyashindilie kuwa vitofali?
Msomaji, Mbarali

JIBU: Ndugu msomaji, inawezekana, lakini si kwa tanuri moja. Ndani ya tanuri la gesi mabaki huunguzwa kwa hewa chache kuliko inayotosha kuyateketeza, ndipo hutoka kaboni monoksaidi na haidrojeni, ambazo huwaka baadaye ndani ya injini. Kwa hiyo umbo la mabaki, unyevu wake na majivu yake ndivyo vinavyoamua tanuri la kununua.

Magunzi ndiyo rahisi. Yakikatwa vipande vya sentimita 5 hivi, hewa hupenya katikati yake bila kushindiliwa chochote, na majivu yake ni machache. Shida yake ni maji, ambayo hayapaswi kuzidi asilimia 20, kwa kuwa moto ukipoa hutoa lami inayonata kwenye vali. Pimeni hivi: katakateni kilo moja ya magunzi, yakausheni kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena, yakibaki gramu 850, maji yalikuwa asilimia 15, nayo yanafaa.

Pumba ni habari nyingine. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni majivu, tena mengi yakiwa silika, yaani madini yaleyale ya mchanga, ambayo joto likizidi huyeyuka na kugandamana kuwa mawe yanayoziba njia. Zinahitaji tanuri lililonyooka lisilo na koo jembamba, lenye kutoa majivu muda wote. Matanuri ya pumba si ndoto: katika jimbo la Bihar nchini India, kampuni ya Husk Power Systems ilianza kuwasha umeme vijijini kwa pumba mwaka 2007. Vitofali sivishauri, kwa sababu silika hiyohiyo hula parafujo ya mashine ya kushindilia, na mashine yenyewe inakula umeme.

Tani moja ya mpunga huacha takriban kilo 200 za pumba, basi hesabuni kwanza mnachokoboa, pia mkubaliane bei mapema, maana wachoma tofali nao wanazitaka. Dizeli haitaisha kabisa: injini yenu itahitaji kiasi kidogo cha kuwashia gesi, ingawa tanuri likitunzwa vizuri mnaweza kuokoa hata theluthi mbili.

Tanuri lisimikwe nje ya banda, penye upepo, na asilale mtu karibu nalo, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, nayo huua.