Jibu: Kuhama nyumba bila kupoteza barua za mkono

Salaam ndugu. Umeuliza ufanye nini barua zilizo njiani zisipotee ukihama mwezi ujao, na zile za zamani uzibebe vipi.

Anza na anwani, leo hii. Barua ya kutoka nje ya nchi huweza kuchukua wiki 3 au zaidi, hivyo itakayotumwa kesho inaweza kukukosa. Waandikie kwanza walio mbali zaidi. Kadi ya mistari miwili inatosha. Anwani mpya iandike ndani ya barua, kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe utakayoanza kuitumia. Ile ya nyuma ya bahasha huchanika bahasha ikifunguliwa, kisha hutupwa. Halafu pita posta uulize kama wanaelekeza barua kwenye anwani mpya, na kwa muda gani. Kama una sanduku la posta, usilirudishe mapema.

Barua za zamani zitoe klipu, pini na raba za kufungia. Chuma hushika kutu na kuacha doa la kahawia. Raba ikizeeka hunata, na ukiibandua inaondoka na karatasi. Zilaze bapa kwenye boksi dogo gumu, maana boksi kubwa likijaa karatasi hupasuka chini. Hilo dogo lisipande lori kabisa, libebe mwenyewe.

Kalamu ya wino, ile ya kujazwa, imwage wino wote na uisuuze kwa maji baridi. Chupa za wino zikazwe vifuniko, ziingie kwenye mfuko wa plastiki, zisimame wima. Bahasha, stempu na kalamu moja viweke kwenye mkoba wako ili uweze kuandika usiku uleule wa kwanza.