Mti wa maua mekundu Rutamba: ning'oe miche au nipande matawi?

SWALI: Mimi ni mkulima wa ufuta karibu na Rutamba, Lindi. Tulipokuwa tukifyeka pori jipya tulikuta kichakani miti miwili yenye miiba shinani na maua mekundu. Kijana wangu anasema ni mwamba-ngoma tu, lakini nimesikia kuna jamaa yake aliye adimu sana. Ning'oe miche yake niipeleke nyumbani kabla hatujachoma shamba, au nikate matawi nipande?

JIBU: Mama, kabla ya lolote zuia huo moto. Lima ukanda mpana kuzunguka miti yote miwili pamoja na kichaka chake, ufuta upande kwingine.

Mti uliousikia ni Erythrina schliebenii. H. J. Schlieben, Mjerumani, alichukua sampuli zake miaka ya 1930 hukohuko kwenu, kando ya ziwa la Rutamba. Mwaka 1998 uliorodheshwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena, 2008 msitu ulimoonekana ukafyekwa kupisha mazao ya nishati, na 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena upande wa Kilwa. Miti mikubwa ilikadiriwa haifiki 50. Kama yako ndiyo yenyewe, miwili ni mingi mno.

Kijana wako huenda yuko sahihi. Ila mwamba-ngoma wa kawaida una gome nene la kizibo na hupenda nyika yenye nyasi, na wewe unaniambia habari za kichaka. Picha pekee haitoshi, kwa kuwa jamii hii ina ndugu kadhaa wanaofanana. Kata kijitawi chenye ua na jani, na baadaye ganda la mbegu. Vibane ndani ya magazeti chini ya kitu kizito, ukibadilisha magazeti kila siku hadi vikauke. Andika mahali na tarehe. Maofisa wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) wilayani wanaweza kuvifikisha chuoni.

Miche usiing'oe. Mizizi ikikatika mingi hufa, na ndiyo warithi pekee wa miti hiyo.

Matawi ya jamii hii huchipua kwa urahisi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Matawi 100 ya mti mmoja ni mti uleule mara 100: ugonjwa unaouua mmoja utaiua yote. Mbegu huchanganya damu ya miti miwili, chavua ikibebwa na ndege kama chozi. Chukua mbegu zilizokomaa, zisizidi moja ya tano ya zilizopo siku hiyo. Ganda la nje la kila mbegu ni gumu, halipitishi maji. Lisugue kwa msasa upande usio na kovu la kitovu, loweka usiku kucha, na zilizovimba ndizo uzipande. Watoto wasizitafune, zina sumu.

Usipande karibu na ndugu zake, miti ya Erythrina ya mapambo ya barabarani. Aina hizi huzaana kwa urahisi, na kizazi cha pili kitakuwa chotara kisicho na thamani kwa uhifadhi.

Jibu la chuo likithibitisha, peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe, na hata kichaka kidogo kama hicho kinafaa kuombewa.