Siku Mbili Lushoto? Ngoja Nikusimulie Yaliyonikuta

Juzi msomaji mmoja wa Dar kaniandikia: "Kaka, mimi na mke wangu tuna siku mbili tu, tunataka kwenda Lushoto. Tupangie ratiba, tusikose kitu." Nilicheka, halafu nikanuna. Maneno hayo hayo, "tusikose kitu", ndiyo niliyoyaandika kwenye tangazo la safari yangu ya kwanza. Yalinigharimu hela, usingizi na rafiki mmoja.

Najua wengi mnaonifuata hapa mna ndoto kama yangu. Umeajiriwa, mshahara unaisha tarehe kumi, unapenda kutembea, na umeshapiga hesabu: nikikusanya watu kumi na tano, nikakodi Kosta, sikosi cha kubaki nacho. Na mimi nilipiga hesabu hiyo. Ilikuwa Julai, wikiendi iliyoungana na sikukuu. Ratiba yangu ilikuwa na maporomoko ya Soni, mwamba wa Irente, msitu wa Magamba, soko, majengo ya Kijerumani, na kijiji cha Mtae. Siku mbili! Mtu anayeijua barabara ya Mtae akiisoma ratiba ile atadhani nilikuwa na helikopta.

Tulipanga kutoka Dar saa kumi na moja alfajiri. Tulitoka saa mbili, maana kuna watu wawili walikuwa "tuko njiani, tumeshafika Ubungo" kwa saa nzima. Chalinze, Segera, Korogwe, nayapita haraka, hakuna la maana lililotokea isipokuwa muziki na chipsi. Mombo tuliingia saa kumi jioni. Pale unaiacha barabara kuu ya Arusha unaanza kupanda, kilomita kama 33 hadi Lushoto mjini, ukuta wa mwamba huku na korongo huku, kona juu ya kona. Dereva wangu hakuwa mwenyeji, na mimi nilikuwa namhimiza: kaka, jua linazama, kanyaga. Kona ya sita au ya saba dada mmoja wa siti ya nyuma akatapika. Akafuata wa pembeni yake. Ndani ya robo saa gari zima lilikuwa linanuka chipsi za Korogwe. Soni hatukusimama. Maporomoko yako pale pale kandokando ya barabara, tuliyaona kwa dirishani sekunde tatu.

Halafu baridi. Hapa ndipo ninapojilaumu hadi leo. Nilikuwa nimesoma, nikawasimulia kwenye gari kama mwalimu: Lushoto iko juu kama mita 1,400, Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaiser wao, walikuwa wanapanda huku kulikimbia joto la pwani. Nilisimulia yote hayo, na sikumwambia hata mtu mmoja abebe sweta. Watu walishuka na kaptula na kandambili, mwezi wa saba, Usambara. Gesti niliyoweka oda ilikuwa na blanketi moja jembamba kwa kila kitanda, na maji ya moto "yanakuja". Hayakuja.

Kesho yake, Irente. Yeyote aliyewahi kuona picha ya Lushoto ameona picha ya Irente: umesimama ukingoni mwa mwamba, chini kabisa tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge yamepangwa kama mkeka, na nyika inakwenda hadi macho yachoke. Sisi tulifika asubuhi, tukalipa kiingilio, tukaona ukungu. Mweupe, mzito, huoni hata mita kumi mbele. Tulikaa nusu saa, nikaangalia saa, nikasema tuondoke, Magamba inatusubiri. Tulipokuwa kwenye gari tunarudi mjini, nikageuka nyuma na kuona anga linafunguka.

Jioni ile, kwenye grupu la WhatsApp la safari, mtu akaandika: "Tumelipa kuja kuangalia ukungu." Wakaweka vicheko kumi na moja. Nilivihesabu. Rafiki yangu niliyeanza naye biashara akadai mgao wake papo hapo, na wakati huo hakukuwa na cha kugawana. Mtae hatukufika. Soko la Lushoto huchangamka Alhamisi na Jumapili, na sisi Jumapili ile ile tulilipita gari likiwa mbioni.

Miaka minne sikupeleka mtu. Nilikuwa naenda peke yangu, kwa basi, bila ratiba, na hapo ndipo nilipojifunza nilichokuwa nauza bila kukijua. Siku moja nilikuwa natembea kutoka mjini kwenda Irente, ni kama kilomita sita, njia inapita katikati ya vijiji na mashamba ya mahindi na migomba. Nikampita mzee mmoja amekaa kwenye gogo. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," huku miguu inaendelea. Akaitikia marahaba, akanitazama, akauliza: "Unadaiwa?" Nikasimama. Nikasema hapana, babu, nakwenda Irente. Akasema, "Basi kaa." Nilikaa. Akanionyesha kwa mkono mlima upi ni upi, na upande ilipo Vugha, walikokuwa wanakaa wafalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa. Aliniambia pia ukungu wa msimu wa baridi mara nyingi hupanda jua likikolea, hivyo niende shamba la Irente nikale kwanza. Nikala mkate mzito wa rai (nafaka kama ngano), jibini na jamu, vyote vimetengenezwa pale pale. Nilipofika mwambani saa saba mchana, Mazinde yote ilikuwa chini yangu, na lori moja kwenye barabara kuu linatambaa kama sisimizi.

Mwezi uliopita nilirudi na watu. Sita tu, usiku nne. Irente tulikwenda mara mbili, ya kwanza ukungu, ya pili wazi, na hakuna aliyenung'unika kwa sababu niliwaambia mapema kuwa hivyo ndivyo itakavyokuwa. Magamba tulitembea na mwongozaji mwenyeji, tukawaona mbega na manyoya yao meupe wakiruka juu ya vichwa vyetu. Usiku tulitoka na tochi kutafuta vinyonga, maana usiku wanalala kwenye ncha za matawi na mwanga ukiwapiga wanang'aa weupe. Tulimpata mmoja mwenye pembe mbili puani. Mwongozaji alituambia wanasayansi wamewaweka kwenye jenasi inayoitwa Kinyongia, yaani neno letu wamelichukua hivyo hivyo. Mama mmoja katika kundi, mtu mzima kabisa, alikaa dakika ishirini anamtazama yule kinyonga anavyogeuza jicho moja moja.

Siku ya nne Mtae, kupitia Lukozi, ambako magari hupakia kabichi na karoti za kupeleka Dar. Njia ni mbaya, nisikudanganye. Lakini kijiji kile kiko kwenye ncha ya mlima, ardhi imeishia, mbele yako ni hifadhi ya Mkomazi na ng'ambo yake Kenya. Walipiga picha mbili tatu, wakaweka simu mfukoni wenyewe.

Sasa ndugu yangu uliyeniandikia. Bebeni sweta. Sweta mbili. Kama mtakwenda Juni au Julai, bebeni na soksi za kulalia. Masika, Machi hadi Mei, njia za vijijini zinateleza, ahirisheni. Mkianza kupanda kutoka Mombo msile vya mafuta, tafuneni tangawizi, na mwambie dereva aende taratibu. Simameni Soni. Mkikuta msimu wa plamsi, mwishoni mwa mwaka, nunueni kwa akina mama wa barabarani, na msibishane nao kwa ajili ya shilingi mia tano. Mmetoka Dar na gari, aibu. Wasalimieni watu. Asubuhi ukisema "onga maundo" Msambaa atacheka na atakuitikia kwa moyo. Kodini mwongozaji wa pale pale, mlipeni vizuri.

Na muongeze siku. Tatizo letu watu wa mjini tunasafiri kama tunakwenda kusaini mahudhurio. Umefika, umepiga picha, umeposti, umeondoka, ukiulizwa Lushoto kulikuwaje unaonyesha simu. Mwanamke umemtoa Dar, amepika, amelea, amechoka, halafu unampeleka mlimani umkimbize? Mkeo hakuomba ratiba. Pengine anataka kukaa tu kwenye kibaraza na chai ya maziwa, asiulizwe na mtu soksi ziko wapi. Kama kweli mna siku mbili tu, basi Irente na soko, mwisho. Mtae muiache. Na sweta nimeshasema?

Picha za Mtae nilizipandisha Jumanne. Jana usiku nikaona ujumbe, namba ninayo bado, yule yule wa "tumelipa kuja kuangalia ukungu". Kaandika: "Mambo! Desemba kuna nafasi?"

Nafasi zipo mbili. Sijamjibu.