Dakika mbili za mwanzo: niliyojifunza nikipiga filamu Lamu

Mwalimu alipotupa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu, dakika mbili tu, pamoja na tathmini ya maandishi kuhusu tulivyoifanya, niliona ni shughuli ya siku moja. Mimi ni mtoto wa Lamu, nikawaambia wenzangu wawili tusihangaike kutafuta mahali, twendeni kwetu. Tukapiga picha za milango ya nakshi, punda wa Usita wa Mui (njia kuu ya mji), Ngome, majahazi, machweo ya Shela. Sekunde hamsini zilipita kabla mwigizaji wetu hajaonekana.

Mwalimu alitazama mpaka mwisho, akauliza: "Huyu msichana anakimbia nini?" Tukabaki kuangaliana. Hatukuwahi kulizungumza.

Kama nawe umepewa kazi hii, anzia hapo. Kabla hujashika kamera, andika kwa sentensi moja swali unalotaka mtazamaji abaki nalo. Shoti (kipande kimoja cha picha) isiyolichochea swali hilo itoe, hata kama uliamka alfajiri kuipata. Mimi niliyatoa machweo ya Shela na yaliniuma sana.

Mara ya pili tulianzia ndani ya nyumba ya mama mmoja wa mtaa wa Mkomani, jirani ya bibi yangu. Zile kuta za mawe ni nene. Ukifunga mlango, kelele za njiani zinakatika. Tuliiweka simu ya kurekodia karibu kabisa na komeo. Skrini nyeusi, chuma kinakwaruza mbao taratibu, kimya, kisha mlango unagongwa mara tatu. Basi. Tulipomwonyesha mwenye nyumba, akasogeza uso kwenye simu: "Mbona hapigi hodi huyo?" Hilo ndilo lililokuwa swali letu. Kwetu mgeni hupiga hodi, na anayegonga kimya lazima akutie wasiwasi. Hofu ya namna hiyo huipati kwa kuiga filamu za nje. Itafute katika mambo ambayo watu wako wanayajua tangu utotoni.

Sauti ndiyo iliyotusumbua kuliko yote. Ilikuwa Agosti, kusi inavuma, na mazungumzo yote tuliyorekodi ufukweni yalikuwa ngurumo tupu ya upepo. Tuliyarudia ndani ya kichochoro, nyuma ya ukuta. Adhana ikianza, simamisheni kazi. Kwanza ni heshima. Pili, ukiunganisha shoti mbili zilizopigwa adhana ikiendelea, utasikia imekatwa katikati ya neno, na hakuna namna ya kuificha. Na kila mahali mnapopiga, nyamazeni wote nusu dakika mrekodi ukimya wake. Ukimya wa chumba si sawa na ukimya wa ua, na wakati wa kuhariri utauhitaji kuziba mapengo.

Kosa jingine nililigundua mezani, nikihariri. Msichana anashuka gatini maji yamejaa, mashua zinaelea. Shoti inayofuata, ambayo katika hadithi ni sekunde moja baadaye, mashua zimelala kwenye matope. Tulikuwa tumeenda kula chakula cha mchana, na huku nyuma maji yakapwa. Nimezaliwa pwani na bado sikuuliza maji yanapwa saa ngapi! Ukipiga karibu na bahari, panga ratiba yako kwa maji kwanza, jua baadaye.

Vichochoroni, epuka saa sita. Jua linapokuwa utosini, ukuta mmoja unawaka mweupe na mwingine unakuwa mweusi, na kamera ya simu haiwezi kubeba vyote viwili. Asubuhi na alasiri kuna kivuli laini mwanzo hadi mwisho wa njia.

Kuhusu watu, omba ruhusa. Usimpige picha mama wa watu akipita na buibui lake kwa kuwa tu anapendeza kwenye fremu. Tulifuta shoti mbili nzuri kwa sababu hiyo, na ningezifuta tena leo.

Halafu kuna ile tathmini ya maandishi, ambayo wengi huiacha mpaka usiku wa mwisho. Weka daftari. Kila jioni andika mlichobadilisha na sababu yake, hata mistari mitatu. Safari ya kwanza sikuwa na daftari, na sehemu ya tathmini inayoihusu niliiandika kwa kubahatisha. Safari ya pili nilikuwa nalo, na ukurasa wake wa kwanza una orodha ya saa za maji kujaa na kupwa.