Bata na Sukuma Wiki Katika Ua Mmoja: Maswali na Majibu

Bata wangu watano wamemaliza miche ya sukuma wiki. Mbona kuku hawakunifanyia hivi? (Nyalenda, Kisumu)

Kuku huparua, bata haparui. Yeye hukanyaga kwa ule mguu mpana, kisha huzamisha mdomo kwenye udongo uliolowa akitafuta minyoo, na mche mchanga hung'oka mzima. Chungulia kando ya shina: utaona vitundu vya duara, kina kama cha kidole, hasa pale ulipomwagilia jioni. Basi mwagilia asubuhi, ili udongo wa juu uwe umekauka wakiingia.

Wazuie mpaka sukuma ifike magotini. Baada ya hapo wape saa moja tu, kuanzia saa kumi na moja jioni, konokono wanapoanza kutoka. Wakiwamaliza konokono watageukia majani, kwa hiyo usisubiri washibe ndipo uwatoe. Mboga za kienyeji kama managu, terere na saga zisiwe njiani mwao kamwe. Majani ni laini na yako chini. Vitunguu na pilipili kwa kawaida huvipita. Nyanya iliyoiva karibu na ardhi wataidonoa, hilo usitilie shaka.

Asubuhi wasitoke kabla ya saa tatu. Bata wengi hutaga alfajiri, na ukiwafungulia mapema mayai utayaokota kwenye matuta, kama mbwa wa jirani hajakutangulia.

Ua wa kuwazuia bata uwe na kimo gani? (Bahati, Nakuru)

Kwa Pekin, wale weupe wazito, sentimita 60 zinatosha. Shida ni Muscovy wenye uso mwekundu: jike lake hupaa hadi juu ya mabati. Kata manyoya kumi marefu ya ncha ya bawa moja tu, si yote mawili, ili akose mizani akijaribu kuruka. Unyoya ambao bua lake bado ni jeusi-buluu una damu ndani, uache. Akinyonyoka na kuota manyoya mapya, rudia.

Waya wenye matundu ya inchi mbili hupitisha shingo. Acha sentimita 30 kati ya waya na mstari wa kwanza, ama utakuwa na kabichi zilizonyolewa upande mmoja.

Ni lazima niwachimbie kidimbwi? (Ahero)

Hapana, na katika udongo mweusi wa huko utajichimbia tope la msimu mzima. Karai yenye maji ya kina cha sentimita 15 inatosha. Muhimu ni kichwa kizima kizame, kwa sababu bata asiyeweza kuosha macho na pua huanza kutokwa na uchafu machoni. Weka karai juu ya kokoto, mbali na mboga, na maji yabadilishwe kila siku. Yale machafu migomba itayapenda. Kwa banda, nyinyi mna bahati: maganda ya mpunga kutoka vinu vya Ahero hukausha sakafu vizuri. Yakilowa, yatoe.

Kinyesi chao naweza kukitia moja kwa moja kwenye mboga? (Mbale, Vihiga)

Hapana. Kikiwa kibichi huunguza mizizi, na kinaweza kuacha vijidudu vya salmonela kwenye majani. Kichanganye na majani makavu, kioze angalau miezi mitatu.

Mahindi yameota ukungu. Si afadhali niwape bata? (Mumias)

Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika barua za leo. Ukungu huo unaweza kubeba sumu iitwayo aflatoksini, na bata ni miongoni mwa ndege wanaodhurika nayo upesi zaidi. Vifaranga huharibika ini na kufa. Usiyachanganye hata na mahindi mazuri, kwani sumu haitoki kwa kupunguzwa. Avokado pia si chakula chao, wala majani yake. Kama mti uko uani, okota zinazoanguka. Na ile dawa ya konokono ya chembechembe, usiiweke kabisa. Bata ataila yenyewe, au atamla konokono aliyekwisha kuila.

Mayai yananuka samaki. (Dunga, Kisumu)

Umezidisha omena. Punguza ile ya kusaga, uongeze mahindi safi na pumba, kisha ngoja wiki mbili hivi ndipo uonje tena.