Unashusha bei kabla mteja hajafungua mdomo

Nashona nguo za kike hapa Dar, magauni ya vitenge, sare za send-off na kitchen party, ikifika msimu wa Eid na Krismasi ndo usiseme. Muda mrefu niliamini shida ni wateja, kwamba watu wa siku hizi wanataka mshono wa Instagram kwa bei ya kukunja pindo. Wapo kweli, sibishi. Ila siku moja natafuta vipimo vya mteja kwenye voisi noti zangu za WhatsApp, nikajikuta nazisikiliza moja baada ya nyingine, na karibu kila nilipotaja bei namalizia hivihivi, "ni 35,000 dada, lakini tutaongea, usijali," na kacheko kwa mbali. Mteja hajajibu kitu! Hajalalamika, hajaomba kupunguziwa, mimi nishampunguzia.

Kwa hiyo kabla hujalipia semina ya kujiamini, nenda kasikilize voisi noti zako. Zisikilize kama za mtu baki, bila kujisonya, uangalie ni wapi hasa unapolegea. Kwangu ilikuwa ule ukimya baada ya kutaja bei, sekunde chache tu lakini moyo unaenda mbio na mkono unaanza kuchezea tepu shingoni, halafu mdomo unaropoka chochote ili ukimya uishe.

Ukishapajua, jiulize imeanzia wapi. Kwetu ukirudi na kitu kutoka kwa jirani swali la kwanza ni "umeomba?", na ole wako. Sasa mtu aliyekulia hapo akidai hela yake halali, ya kazi aliyokesha nayo, mwili unaona ni kuomba kulekule. Na kujua hivyo hakuondoi woga, tusidanganyane, mimi hadi leo moyo unadunda, tofauti ni kwamba siku hizi naujua, ukija naendelea na maneno yangu.

Kitu kingine ni hesabu, tena ya kuandika. Bitana, zipu, gundi ya kola, uzi, hela ya overloki kwa jirani, umeme wa Luku, kodi ya fremu, ndo uje kwenye siku nzima uliyoinamia cherehani. Yangu nimebandika ukutani, nikitaja bei naitazama halafu nanyamaza. Kunyamaza ndo kazi yenyewe jamani, mwanzoni nilikuwa nabana pini mdomoni makusudi nisiweze kuongea (usiige, utameza).

Akisema "hee, ghali," usianze kujitetea na historia ya maisha yako. Muulize ana shilingi ngapi, kisha punguza kazi, sio bei, mwambie basi tutoe bitana au tuachane na ile mikono ya mbwembwe. Wengine wataondoka, na hiyo siku utaumia kidogo.

Ila sio kila aibu ni ya kuipiga teke. Kama umechelewesha nguo ya watu mpaka shughuli imepita, au umekata kitambaa vibaya, hiyo aibu ni halali yako, omba radhi na ulipe. Naona watu wanafundishwa "usijali watu wanasemaje" wanaichukua nzimanzima, wanageuka mafundi jeuri.

Pagumu kuliko pote ni ndugu. Hapo usisubiri mtu aje mlangoni na kitenge ndo uanze kuwaza, amua ukiwa umetulia nyumbani nani anashonewa bure na nani analipa. Mimi wa bure ni mama na mama zangu wadogo, basi. Binamu yangu mmoja kaninunia, sare za harusi ya mdogo wake kapeleka kwa fundi mwingine. Sawa tu, maana zile sare zilikuwa nyingi na zote alikuwa anazitaka kwa mkopo.