Mikwaju ya penseli

Mhariri, wiki hii umetuuliza: mtoto aliyevuma kwa kuimba, sauti ikishabadilika, aende wapi? Najibu bila kusita: aende redioni. Nina ushahidi wa namna mbili, mmoja wa mtu mkubwa wa Ulaya na mwingine wa kwangu, mdogo.

Aled Jones alizaliwa Desemba 1970, akakulia Llandegfan, kijiji cha kisiwa cha Anglesey huko Wales, akiimba katika kwaya ya kanisa kuu la Bangor. Mwaka 1985 alirekodi wimbo wa filamu ya katuni The Snowman, ukapanda hadi nafasi ya 5 kwenye chati za Uingereza. Wengi mpaka leo hudhani ndiye anayesikika ndani ya filamu. Siye. Filamu ilitoka 1982, na aliyeimba mle ni Peter Auty, mtoto wa kwaya ya kanisa kuu la St Paul's, London, ambaye filamu ilipotoka hata jina lake halikuandikwa. Miaka mitatu baadaye wimbo ukahitajika kwa tangazo la duka la vitu vya kuchezea watoto, na sauti ya Auty ilikuwa imeshakuwa nzito. Ndipo akaitwa Jones. Yaani alivuma kwa sababu mwenzake alibalehe! Naye zamu yake haikuchelewa: alipotimiza miaka 16, soprano, ile sauti ya juu ya kitoto, ikamtoka.

(Auty hakupotea, akawa mwimbaji wa tenori kwenye opera, michezo ya jukwaani inayoimbwa. Ila opera si kazi ya kumshauri mtoto wa jirani.)

Jones alisoma muziki London na uigizaji Bristol, kisha akatangaza Songs of Praise, kipindi cha BBC cha nyimbo za kanisani, na asubuhi za Jumapili za Radio 2, na baadaye Classic FM, redio ya muziki wa klasiki. Wapo wanaosema alibebwa na jina. Jina litakufungulia studio, sawa, lakini ukiboronga, msikilizaji wa jikoni hana habari na chati za 1985. Anahamisha stesheni.

Sasa yangu. Nilikuwa naimba solo kwenye kwaya ya watoto kijijini kwetu, Kilimanjaro. Mkesha wa Krismasi, niko darasa la saba, ubeti wa pili, sauti ikapasuka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Wasichana wa mstari wa mbele walicheka hadi karatasi zikawadondoka. Mwalimu akanipungia mkono niendelee, mdomo ukagoma. Jumapili iliyofuata nikajikuta kwenye besi, nyuma ya nguzo, naunguruma nota mbili tatu.

Leo nasoma matangazo ya vifo kwenye redio ndogo ya wilaya. Siku ya kwanza nilipopewa karatasi niliomba penseli, nikaanza kuchora mikwaju, vistari vya mshazari, kati ya maneno. Mtayarishaji akashangaa: "Unasahihisha nini?" Sikuwa nasahihisha. Ndivyo mwalimu wetu wa kwaya alivyokuwa akituwekea kwenye karatasi za sol-fa, mkwaju pale pa kuvuta pumzi, na ukiivuta kabla, anakugonga utosini kwa kitako cha penseli hiyohiyo.

Tangazo la msiba huwa na ukoo mrefu: baba wa fulani wa Arusha, babu wa fulani wa Tanga, shemeji wa fulani na fulani. Asiyejua kupanga pumzi huwafikia mashemeji amekauka, majina ya watu anayameza. Na wenyewe wako nyumbani, wameizunguka redio, mtoto akikohoa ananyamazishwa.

Mkwaju wa kwanza huwa nauweka kabla ya jina la marehemu. Hapo nashusha pumzi, navuta nyingine, ndipo nalitaja lote kwa mkupuo mmoja, hata akiwa na majina manne.